Pasi ya Kumi na Tatu

Mkebe wenyewe ulikuwa wa biskuti, wa bati, na kwenye kifuniko chake palikuwa na picha ya farasi wawili iliyofifia. Erastus Wasike alipewa na mke wa bwana shamba Krismasi ya mwaka wa hamsini na mbili, zikiwa zimebaki biskuti nne tu ndani yake, na tangu siku hiyo hakumwachia mtu aushike. Mwanzoni aliweka humo karatasi zake za solfa, zile zenye noti za nyimbo, na ule uma wa chuma aliokuwa akiugonga gotini ili utoe sauti ya kuanzia wimbo. Halafu, mwaka wa hamsini na tano, akaanza kuweka humo pasi za wanawake.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mkikuyu alitakiwa kutembea na pasi, kitabu kidogo chenye picha yake na alama ya kidole gumba, na akikutwa hana, hata kama ametoka tu kuchota maji, alipandishwa lori. Erastus hakuwa Mkikuyu. Alikuwa ametoka kwao Bungoma mwaka wa arobaini na saba akiwa na darasa la nne na sauti nzuri, akaajiriwa kwenye shamba la kahawa katikati ya Ruiru na Thika, na baada ya miaka mitatu akawa karani wa mizani. Yeye na wenzake wa kutoka magharibi hakuna aliyewasumbua sana barabarani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pasi kwa Erastus ilikuwa mzigo wa wenzake.

Kwaya ya shamba lile ilikuwa na watu ishirini na wawili: wanaume tisa wa magharibi na wanawake kumi na watatu wa Kikuyu. Yeye ndiye aliyeianzisha, yeye ndiye aliyeifundisha, na lazima niseme kweli, aliifundisha vizuri. Shida ilikuwa moja. Wanawake walikuwa na maji ya kuchota, moto wa kuwasha na watoto wa kulisha, kwa hiyo katikati ya mazoezi huyu alichomoka, na yule akachomoka, sauti ya kwanza ikabaki na watu watatu. Siku moja Erastus akaweka mkebe mezani, akaufungua.

"Kuanzia leo," akasema, "kila dada akiingia aweke pasi yake hapa. Tukimaliza kuimba, atachukua."

Walicheka, wakidhani anatania. Yeye hakucheka. Na ikumbukwe kwamba huyu ndiye aliyesoma mizani. Huyu ndiye aliyesema debe lako la kahawa limejaa au halijajaa. Wakaweka pasi zao mmoja baada ya mwingine.

Mzee wa kanisa, Zacharia, mkata matawi ya kahawa ambaye mikono yake ilikuwa na sugu kama kwato, aliposikia alimfuata mizanini.

"Mwalimu, hiyo si mchezo. Pasi ya mtu ni shingo yake."

"Mzee, mimi nawatunzia tu. Kwangu haziwezi kupotea."

"Sijasema zitapotea. Nimesema si zako."

Jioni Erastus alimwambia mkewe Nafuna kwamba yule mzee ana wivu, maana hajui hata kutofautisha do na fa. Nafuna alikuwa akimnyonyesha mtoto wao Boaz. Yeye mwenyewe alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya hiyo, akaacha mwaka uliopita, na mumewe hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa nitaeleza ugonjwa huu wa Erastus wa kutaka kushinda ulianzia wapi, kwa sababu hakuzaliwa nao. Miaka ya kwanza alikuwa akiimba huku machozi yanamtoka, na watu waliosikia walirudi majumbani wakisema leo tumeabudu. Kisha Novemba ya mwaka wa hamsini na nne wakaenda Thika kwenye mashindano ya kwaya, wakashindwa kwa alama mbili na kwaya ya mjini iliyoongozwa na Philip Ajwang, karani wa reli aliyevaa tai. Philip akampa mkono, akatabasamu, akasema, "Mjaribu tena, watu wa shamba."

Nina hakika Philip alisahau maneno hayo kabla hajamaliza chai yake. Erastus aliyatunza mwaka mzima. Aliamka nayo na kulala nayo. Na mwaka uliofuata, mmisionari wa Thika alipotangaza kwamba kiongozi wa kwaya itakayoshinda atafanywa mwalimu wa nyimbo wa makanisa yote kutoka Ruiru hadi Thika, apewe baiskeli na nyumba ya mawe kando ya kanisa, Erastus alipiga magoti akaomba kwa bidii. Lakini kila alipoomba, jina la Philip Ajwang lilikuwa ndani ya ombi.

Wimbo wa kushindania aliutunga mwenyewe. Na ulikuwa wimbo wa nini? Wa unyenyekevu! "Nishushe, Bwana, chini ya miguu ya ndugu zangu," ndivyo ulivyoanza, na aliufundisha kwa fimbo mkononi, akiwafokea watu mpaka mate yanaruka.

Ubeti wa tatu uliimbwa na mtu mmoja peke yake, na mtu huyo alikuwa Wakonyo. Alikuwa mama wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mchumaji kahawa hodari. Mumewe alikuwa amechukuliwa mwaka uliopita, yuko kambi ya kizuizini, hakuna barua. Alibaki na mama mkwe wake, Waceke, na kitoto cha kiume cha miezi minne. Mtoto alipewa jina la marehemu babu yake, Waweru, kwa hiyo Waceke, au Cucu, yaani bibi, kama wote walivyomwita, alimwita "mume wangu" kama ilivyo desturi yao, na vijana wa magharibi kila waliposikia bibi kizee akimbembeleza mumewe asilie walishika mbavu kwa kicheko.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, hakuna aliyecheka.

Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye stoo ya kahawa, ng'ambo ya barabara ya changarawe ya murram kutoka laini, zile nyumba za wafanyakazi. Ni hatua kama mia tatu. Saa ilikuwa yapata kumi na moja jioni, mvua imetoka kunyesha, na saa kumi na mbili kila Mkikuyu alipaswa awe ndani ya seng'enge. Wakonyo alikuwa ameimba ubeti wake mara nne. Mlangoni akatokea Waceke, mtoto mgongoni, analia kilio kile chembamba cha mtoto aliyechoka kulia.

"Wakonyo, mtoto anawaka moto. Mume wangu amekataa hata maji."

Erastus aliinua uma hewani. "Cucu, tafadhali. Kwa kelele hiyo hatusikii kitu. Mpeleke nyumbani, mama yake anakuja."

Waceke akamtazama mkaza mwanawe, akatazama fimbo ya mwalimu, akageuka na mtoto. Wakonyo akatoka kwenye mstari.

"Mwalimu, niruhusu ninyonyeshe tu, narudi."

"Mara moja tena, halafu utaenda."

"Umesema hivyo mara nne."

"Na mara nne umeshusha sauti pale mwisho! Jumamosi ukishusha hivyo, watu wa Thika watatucheka mpaka Krismasi. Mara moja."

Aliimba. Sauti ikamkatikia katikati, si kushuka, ikakatika kabisa. Akafuta uso kwa leso ya kichwani, akanyoosha mkono.

"Nipe pasi yangu."

"Pasi mtachukua tukimaliza, wewe na wenzako."

"Mwalimu, naenda hapa ng'ambo tu."

"Basi kama ni hapa ng'ambo tu, pasi ya nini?"

Wanaume wawili walicheka kidogo, na hicho kicheko kikamfurahisha Erastus. Alikuwa na hakika Wakonyo hataenda. Nani angeacha pasi yake? Wakonyo alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akatoka.

Hawakuwa wamefika hata nusu ya ubeti waliposikia lori likifunga breki, na sauti ya askari: "Simama!"

Erastus alikuwa karibu na mlango kuliko wote. Akaenda, mkebe kwapani. Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara, limejaa watu, na askari wawili walikuwa wamemshika Wakonyo mikono. Naye Wakonyo alikuwa amemwona. Akauchomoa mkono mmoja, akauelekeza kwenye stoo.

"Pasi yangu iko pale! Kwa Mwalimu, pale!"

Askari mmoja akageuza kichwa kutazama mlango. Hapo, wasomaji wangu, palikuwa na mwendo wa dakika mbili. Ilikuwa ni kukimbia na kusema, bwana askari, pasi yake hii hapa, mimi ndiye niliyekaa nayo. Erastus aliyaona hayo yote. Lakini aliona pia jinsi mtu asiye Mkikuyu, mwenye pasi kumi na tatu za Wakikuyu ndani ya mkebe wa biskuti, atakavyoulizwa. Aliona akipandishwa lori hilo hilo. Na chini ya hofu hiyo, ambayo ilikuwa hofu ya kweli, aliiona Jumamosi ikimponyoka na Philip Ajwang akitabasamu. Akarudi nyuma hatua moja. Askari akaona mlango mtupu. Lori likaondoka.

Waceke alipofika akipiga mayowe, swali lake la kwanza lilikuwa la pasi.

"Pasi yake iko wapi?"

"Nilimpa akitoka," akasema Erastus.

Ulimi ulisema wenyewe kabla hajaufunga. Akagawa pasi kumi na mbili, akafunga kifuniko. Msichana mmoja, Idah, aliyesimama mstari wa mbele, alikuwa ameona wazi kwamba Wakonyo aliondoka mikono mitupu. Alifungua mdomo. Erastus akamgeukia haraka.

"Idah, ubeti wa tatu utauimba wewe."

Idah akafunga mdomo. Alikuwa ameutamani ubeti ule tangu Agosti.

Ijumaa asubuhi Mzee Zacharia alipewa barua na bwana shamba ya kuthibitisha kwamba Wakonyo ni mfanyakazi wake, akaenda nayo Thika kwenye kituo walikowekwa watu wa msako. Alirudi mchana, suruali imejaa matope hadi magotini, akaja moja kwa moja mizanini, wachumaji wakiwa kwenye foleni na madebe yao.

"Barua wameikataa. Wanasema mke wa mfungwa asiye na pasi, hilo halina mjadala. Wamempa mpaka kesho saa sita mchana. Pasi isipofika, anapelekwa kambini, na huko hakuna anayejua atatoka lini." Akasogea karibu na mizani. "Mwalimu, yeye anasema iko kwako."

Foleni nzima ilimtazama. Erastus aliendelea kushika jiwe la mizani.

"Nilimpa, Mzee. Amechanganyikiwa, maskini. Labda aliiangusha barabarani walipokuwa wakimvuta."

Zacharia akasema, "Basi twende tukaitafute."

Wakaenda wote. Wanawake waliinama kwenye ile barabara ya murram, wakachambua matope kwa vidole kama wanaotafuta sindano, kuanzia mlango wa stoo hadi lango la laini, wakaingia mitaroni, wakafunua nyasi. Waceke alitambaa kwa magoti. Na Erastus je? Erastus alikunja suruali akatafuta nao! Alitia mikono yake kwenye matope, akageuza mawe, akitafuta kitu alichojua kiko chini ya karatasi zake za solfa. Jua lilipoanza kushuka na hakuna kilichopatikana, mtu akasema Mwalimu atuombee. Akaomba, na akaomba vizuri sana, hata wengine wakalia.

Aliponyanyuka kutoka kwenye ombi hilo alijisikia vibaya mno. Akafikiri: kesho. Kesho tutakuwa Thika, kituo kiko nyuma ya kanisa, nitatoroka mara moja niipeleke nimwambie askari nimeiokota. Saa sita ni mbali. Tutaimba kwanza. Wazo hilo likamtuliza, akaoga.

Nyumbani alimkuta Nafuna amekaa kwenye kigoda, Boaz amelala kitandani, na kifuani pake kuna kichwa kingine kidogo. Waceke alikuwa amemleta Waweru, maana maziwa ya ng'ombe aliyatema.

"Huyu ananyonya kama mtu aliyekimbizwa," Nafuna akasema. Homa ilikuwa imepungua. "Baba Boaz, mama yake alitoka vipi bila pasi?"

"Nimeshasema nilimpa."

"Umewaambia wao. Mimi bado hujaniambia."

"Nimekuambia sasa."

Jumamosi kwaya iliondoka kwa lori la shamba saa moja asubuhi. Wanawake walihitaji pasi zao mfukoni ili waingie Thika, kwa hiyo hapakuwa na cha kukusanya. Erastus alichukua fimbo, uma na karatasi zake, akavaa koti. Pasi alikusudia kuichukua mwisho. Lakini Waceke alikuwa ameingia kumtazama mjukuu wake, akakaa karibu kabisa na mkebe, hatoki, na dereva alikuwa akipiga honi. Erastus akaondoka bila pasi. Njia nzima, walipopita mashamba ya mkonge, alijiambia kwamba si yeye aliyeamua.

Nafuna aliufungua mkebe saa tatu, akitafuta chombo cha kuwekea uji wa watoto. Chini, penye karatasi ya kufunikia bati, akaona picha ya Wakonyo ikimtazama.

Alimfunga Waweru mgongoni na Boaz kifuani, akamwambia Waceke anakwenda kwa mama yake mtoto, akatembea hadi barabara kuu, akaomba nafasi kwenye lori la maziwa. Hakuna aliyemuuliza pasi njia nzima. Alikuwa Mbukusu, mtu wa magharibi.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwaya tano, na kwaya ya shamba ilikuwa ya mwisho. Philip Ajwang na watu wake walikuwa wamemaliza kuimba, na walikuwa wameimba vizuri lakini Erastus, kwa sikio lake lile kali, alikuwa amesikia sauti ya nne ikitetereka mara mbili. Tutawapata, akawaza, tutawapata leo. Saa ya ukutani ilionyesha tano na robo. Alikuwa amepanga watu wake mlangoni, tayari kuitwa, alipoguswa begani. Nafuna, miguu matope, watoto wawili, jasho usoni. Akamvuta kando ya ukuta, akamwekea pasi mkononi.

"Nimepita mbele ya kituo," akasema kwa sauti ya chini. "Wako uani, wameketi chini. Lori liko pale. Mimi ningeipeleka, lakini wangeniuliza nimeitoa wapi, na mimi sitadanganya, Baba Boaz. Wangekuja kukukamata hapa mbele ya watu. Ipeleke mwenyewe. Nenda sasa hivi."

Huruma hiyo ya Nafuna ndiyo makosa yake pekee katika habari hii, na aliyajutia kuliko mumewe alivyojutia yake.

"Saa sita," Erastus akasema. "Wamesema saa sita. Tunaimba dakika saba tu."

"Huyu mtoto—"

"Dakika saba, mama!"

Wakaitwa. Akaitia pasi kwenye mfuko wa koti, upande wa kushoto, akapanda jukwaani.

Waliimba kuliko walivyowahi kuimba. Idah alipofika kwenye ubeti wa tatu, "Nishushe, Bwana, chini, chini," ukumbi mzima ulitulia hata ukasikia mabati yakilia kwa jua. Erastus aliinua fimbo, na kila alipoinua mkono kona ya kile kitabu ilimchoma kifuani. Dakika saba zikaisha. Makofi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano, na mlango ulikuwa wazi, na Nafuna alikuwa amesimama mlangoni akimwonyesha kwa kidevu: nenda.

Naye angeenda. Nataka kumwamini alipoapa baadaye kwamba mguu wake ulikuwa umeshaanza kwenda. Lakini mmisionari alisimama, akasema waamuzi wamekubaliana haraka, viongozi wote wa kwaya wapande mbele. Philip akapanda, akinyoosha tai. Erastus akatazama mlango, akatazama saa, akapanda.

Walishinda kwa alama tano. Philip Ajwang akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwa moyo mweupe kabisa akasema, "Ndugu yangu, leo mmetufundisha kuimba." Mwaka mzima Erastus alikuwa ameingoja sentensi kama hiyo, na sasa alipoipata aliiona ni ndogo, ndogo mno, kama mtu aliyechimba mchana kutwa akapata kiazi kimoja. Akapewa ngao. Kisha, kama ilivyokuwa kawaida, kwaya iliyoshinda ikaombwa irudie wimbo wake. Wakarudia. Katikati ya ubeti wa Idah gari kubwa lilipita nyuma ya kanisa likibadilisha gia, na watu wa karibu na madirisha wakakunja uso kwa sababu ya kelele.

Alipofika kituoni akihema, ngao bado mkononi, saa sita haijafika, ua ulikuwa mtupu. Sajini alikuwa akifunga lango.

"Wametoka sasa hivi. Lori lilikuwa limejaa, la kungoja nini?" Akaichukua pasi, akaifungua, akaitazama picha. "Hii ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Na jana ulikuwa wapi?"

Alikuwa amepanga kusema nimeiokota. Maneno yalikuwa tayari. Akamwona Nafuna anakuja barabarani na watoto wale wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, anatembea tu, hana haraka tena.

"Nilikuwa na kwaya," akasema.

Sajini akaandika hivyo hivyo. Pasi ilitumwa kufuata lori, ikapotelea maofisini huko, kama vitu vingi vya watu vilivyopotea miaka ile. Erastus alifungwa miezi mitatu kwa kukaa na pasi ya mtu mwingine. Alipotoka, mizani ilikuwa na karani mpya, na nyumba ya mawe ya Thika ilikuwa na Philip Ajwang na watoto wake. Bwana shamba akamrudisha kama mchumaji. Alisimama kwenye foleni na wale wale wanawake, debe begani, akingoja kuambiwa kama limejaa.

Jumapili ya kwanza aliomba ruhusa ya kusema kanisani. Alisema yote: mkebe, kicheko cha wale wawili, ombi la barabarani, na zaidi ya yote ile hatua moja aliyorudi nyuma, kwa sababu hiyo hakuna aliyeiona isipokuwa yeye na Wakonyo. Idah akasimama naye akasema lake, akilia. Halafu Erastus akaomba ngao iondolewe ukutani.

"Iache," akasema Mzee Zacharia. "Tutakuwa tukiiona."

Kuimba aliendelea kuimba, mstari wa nyuma, kwa sauti ya nne, akifuata fimbo ya kijana mmoja ambaye hakujua solfa sawasawa. Kila mwezi aliandika barua kuulizia Wakonyo, na kila mwezi hakujibiwa. Cucu Waceke hakumsalimu, ila kila asubuhi alimleta "mume wake" kwa Nafuna kunyonya, akimpita Erastus mlangoni kana kwamba ni nguzo.

Wakonyo alirudi Januari ya mwaka wa hamsini na saba, baada ya miezi kumi na minne. Alishuka kwenye lori mchana, nywele zimenyolewa, akaambiwa mtoto yuko kwa Nafuna, akaenda moja kwa moja. Erastus alikuwa uani akipasua kuni. Alipomwona aliweka shoka chini. Maneno aliyokuwa ameyaandaa mwaka mzima, yote yakatoka kichwani.

Wakonyo alimtazama kwa yale macho ya kusoma maandishi madogo.

"Siku ile," akauliza, "mlikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. "Niliwaza hivyo. Tulipita nyuma ya kanisa, nikasikia Idah anaimba ubeti wangu. Nikawaambia wenzangu ndani ya lori, hao ni watu wetu."

Watoto wawili walikuwa wakicheza na maganda ya mahindi karibu na mlango, wanalingana kimo. Wakonyo hakuuliza wake ni yupi. Alichuchumaa, akanyoosha mikono.

"Waweru."

Mtoto akaacha ganda la mahindi. Akamtazama yule mwanamke mgeni, kisha akageuka akakimbia, akajificha nyuma ya sketi ya Nafuna, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mama," akamwambia Nafuna, "nani huyu?"

Nafuna alimtazama mumewe, akingoja yeye amjibu mtoto.